Gari inalala Mokowe wiki tatu, ukirudi haishiki: ni betri, altaneta au nini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Langoni, Amu. Anaandika hivi: "Fundi salaam aleikum. Gari yangu ni Mazda Axela ya 2015, nimeinunua ikitoka Japani, na inalala Mokowe manake huku kisiwani hakuna pa kuipeleka. Zamani niliiacha hata wiki tatu nikirudi napiga stata inawaka. Sasa siku kumi tu taabu, taa za dashibodi hafifu na chini ya boneti nasikia tik-tik-tik-tik. Ile taa ya kijani ya i-stop, mfumo wa kuzima injini gari ikisimama, sijaiona miezi. Fundi mmoja kasema betri, wa pili kasema altaneta, wa tatu alitaka kuchomoa tamino gari ikiwa inanguruma ati ajue kama altaneta inachaji. Nikinunua betri ninunue gani, naweza kuifunga mwenyewe, na gari haitachanganyikiwa?"

Waaleikum salaam nduyangu. Nianze na huyo fundi wa tatu manake akikuwahi kabla hujasoma mpaka chini atakutia hasara. Usimruhusu kuchomoa tamino, yaani kile kiungo cha waya kwenye kichwa cha betri, gari ikiwa inanguruma, hata mara moja. Hiyo ilikuwa mbinu ya enzi za Peugeot 504 na Land Rover za shamba, magari ambayo hayakuwa na kompyuta yoyote. Kwenye Axela betri ndo inayotuliza umeme wa gari nzima, sasa ukiitoa ghafla huku altaneta inazalisha, volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo sana lakini zinaruka mbali, na zinakutana na kompyuta ya injini, ya breki, ya usukani, redio na kila kitu. Saa ingine gari inanusurika na fundi anatembea kifua mbele. Siku isiponusurika yeye hatakulipa kompyuta.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa maelezo yako nashuku betri, tena sana, lakini naona pia kitu kinachoiua, na hicho usipokishughulikia utanunua mpya leo na baada ya mwaka na kitu utakuwa uko pale pale jeti unatafuta mtu wa kukujampia. Magari ya siku hizi hayalali kabisa ukizima. Alamu iko macho, kipokezi cha smart key kinasikiliza kama mwenyewe kaja, saa inahesabu, kompyuta kadhaa zinahifadhi kumbukumbu zao. Gari nzima ikishatulia inakula kama miliampi 20 mpaka 50, na hapo haina kosa lolote, ndo ilivyotengenezwa. Chukua 40 tu kwa mfano, kwa saa 24 ni karibu ampi-saa moja (ndo kipimo cha ujazo wa betri), kwa wiki tatu ni ampi-saa 20. Betri ya saizi ya gari yako ikiwa mpya ina kama ampi-saa 55 hivi kwa hiyo inavumilia, stata inawaka, wewe hujui kama kuna lililotokea. Lakini betri iliyozeeka ambayo imebakiwa na nusu ya uwezo wake, hizo 20 zikitoka imekwisha.

Na kuna la pili ambalo watu wengi hawalijui. Gari za mfumo huu wa i-stop kwa kawaida haziijazi betri mpaka juu kabisa, kwa makusudi, zinaacha nafasi ili ukikanyaga breki au ukiachia mafuta altaneta ipate pa kumwaga ule umeme wa bure. Maana yake unapoegesha Mokowe betri yako huenda tayari iko asilimia 80 na kitu, si 100, na hapo ndo inaanza kulala wiki tatu kwenye joto. Joto la kwetu pwani nalo ni adui wa betri kuliko baridi, watu wanasoma mambo ya Ulaya wanadhani betri inauawa na theluji. Baridi inaifanya ionekane dhaifu, joto ndo linaloila ndani, kutu ya zile sahani za madini ya risasi inakwenda haraka na betri inajimaliza yenyewe haraka zaidi hata kama haijafungwa kwenye gari.

Betri ya risasi ikikaa muda mrefu haijajaa, chini ya volti 12.4 hivi, ule unga wa salfeti unaotengenezeka kwenye sahani unaganda na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena. Inakuwa kama mtungi uliojaa mchanga chini, ukiutia maji unajaa upesi na kwa juu unaonekana umejaa, ukianza kuteka vikombe viwili umekwisha. Ndo maana mtu anakuambia "betri nimepima ina volti 12.6, nzima kabisa" na gari haiwaki. Volti peke yake haikuambii mtungi una mchanga kiasi gani.

Kwa hiyo tunapima zaidi ya mara moja, na mita ya kawaida tu ya mafundi wa sola inatosha, huko Amu kila fundi wa sola anayo. Kipimo cha kwanza gari iwe imelala, usiku kucha au angalau masaa kadhaa tangu izimwe, manake ukipima sasa hivi baada ya safari utapata umeme wa juujuu unaodanganya. Mita weka DC volti 20, waya mwekundu pozitivu, mweusi negativu, kwenye vichwa vyenyewe vya betri vya risasi na si kwenye chuma kinachovibana. 12.6 au 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 nusu. 12.0 ni robo tu, na chini ya hapo imekauka. Kama iko chini usiihukumu bado, iondoe ukaichaji polepole na chaja ya kweli, ampi tano sita, usiku mzima, halafu iache imekaa bila kuguswa masaa mengine kumi na mbili upime tena. Ikishindwa kushikilia 12.5 baada ya hapo, au asubuhi ina 12.6 jioni ina 12.3 hali haijafungwa popote, hiyo ni maiti, usipoteze muda. Ikitulia 10.5 hivi ujue selo moja kati ya sita imekatika, kila selo ni volti mbili na kidogo.

Ikishika, nenda kipimo cha pili. Mtu apige stata wewe unatazama mita. Volti zitaanguka, hiyo kawaida, swali ni mpaka wapi. Kitabu kinasema isipite chini ya 9.6. Kwa joto letu mimi nataka ibaki juu ya 10, manake injini ya moto na oili nyepesi haihitaji nguvu nyingi kuzunguka, betri ambayo inafika 9.6 hapa Malindi mwezi wa tatu haiko salama hata kidogo. Pale pale usiondoe mita, fanya kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka: weka waya mmoja kwenye kichwa cha betri na mwingine kwenye kibano chake, yaani tamino hiyo hiyo moja, kisha stata ipigwe. Inatakiwa usome karibu sifuri, 0.1, 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi shida ni uchafu kati ya kichwa na kibano, fanya vilevile upande wa pili. Gari yako inalala hatua chache kutoka baharini nduyangu, chumvi inakaa kwenye kila chuma, na ule unga mweupe au wa kijani kwenye tamino unaweza kutoa tik-tik-tik ile ile unayoisikia na betri ikawa nzima. Nimeona watu wananunua betri ya bei kali kumbe ni maji ya moto na bekingi soda tu na brashi ya waya. Osha, suuza, kausha, funga, halafu ndo upake vaselini juu. Juu, si katikati.

Huo mlio nao una maneno yake. Tik-tik ya haraka ni solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inavuta, volti zinaanguka inaachia, zinapanda inavuta tena, kwa hiyo umeme ni kidogo. Ungeniambia ni "tak" moja nzito kisha kimya na taa za dashibodi ziko kali vilevile, ningekutuma kwa fundi wa stata na waya wa athi, ule unaounga negativu na mwili wa gari. Kuhusu taa ya i-stop usiifanye hakimu peke yake. Ni kweli betri ikidhoofika i-stop ndo ya kwanza kukataa kazi, mara nyingi miezi kabla gari haijagoma, kwa hiyo ni dalili nzuri. Lakini huku kwetu AC iko juu mchana kutwa, na AC ikiwa na kazi nyingi gari haizimi kwenye foleni hata betri ikiwa mpya. Jaribu asubuhi mapema AC imezimwa, injini imeshapata moto, uone.

Altaneta sasa, na hapa ndo naona fundi wako wa pili alipoteleza. Gari za zamani ulipowasha ulisoma 13.8 mpaka 14.4 wakati wote, imekwisha, chini ya hapo altaneta ina shida. Axela ya injini hizi mpya za Mazda, Skyactiv, haifanyi hivyo, kompyuta ndo inaamua, saa ingine unatembea mwendo wa kawaida inachaji kidogo sana unasoma 12.8, ukiachia mafuta inapanda 14.5 na zaidi. Fundi anayepima mara moja gari ikiwa imesimama, akaona 12.8, anakuuzia altaneta. Kwa hiyo washa gari, washa taa kubwa, feni ya AC mwisho, kioo cha nyuma cha kukausha ukungu, kanyaga mpaka kama 2,000 kwenye rev, utazame dakika mbili tatu. Altaneta nzima lazima ijibu, ipande juu ya 13.5 angalau. Ikibaki chini ya volti za betri iliyolala na zinaendelea kushuka, na taa nyekundu ya betri imewaka kwenye dashibodi, hapo altaneta au mkanda au waya wake. Ikipita 15 na kubaki huko huko muda wote ujue nayo ni mbaya, inachemsha betri. Na tazama kama gari yako imeandikwa i-ELOOP. Hizo zina kapasita kubwa na altaneta inayofika mpaka volti 25 upande wake, sehemu hiyo usiiguse na usimwachie mtu wa kubahatisha, betri tu ya kawaida unaweza kuishughulikia.

Kabla ya kununua chochote tafuta pia kama kuna mwizi wa umeme. Wewe unasema wiki tatu zimekuwa siku kumi, uzee wa betri unatosha kueleza hilo, lakini inaweza pia kuwa kuna kitu kimeongezwa. Ulinunua gari kwa mkopo? Kama ndiyo basi ina traka, pengine mbili, moja ya benki na moja ya bima, na wewe mwenyewe hujui zimefichwa wapi. Kuna traka zinazokula kidogo na kuna za ovyo ambazo zikiwa sehemu mtandao unapoyumba zinakaa macho zinatafuta mnara. Dashikamu, redio ya android iliyofungwa juujuu, alamu ya pili juu ya ile ya kiwandani, chaja ya simu iliyobaki kwenye soketi, hivi vyote nimekutana navyo. Miliampi 30 za ziada juu ya zile 40 zinakupa karibu ampi-saa 35 kwa wiki tatu, sasa piga hesabu mwenyewe.

Kupima uvujaji, mita inaingia katikati, kati ya tamino ya negativu iliyofunguliwa na kibano chake, kwenye tundu la ampi 10. Uvumilivu unahitajika. Ukiunganisha tu gari inaamka inakula ampi kadhaa, unaweza kuruka ukadhani umempata mwizi, hapana, iache dakika 30 au 40 mpaka kompyuta zilale. Boneti iko wazi lakini milango imefungwa, na smart key ipeleke mbali, mwachie mtu aondoke nayo, manake ikiwa mfukoni mwako gari inaendelea kuongea nayo. Usithubutu kuwasha swichi wala stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita itakwenda. Ikishatulia chini ya 50 gari haina mwizi. Ikitulia 100, 200, anza kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba iporomoke, hiyo fyuzi ndo nyumba ya mwizi.

Sasa umesimama Mokowe, gari haishiki, unataka kujampiwa. Angalia unajampiwa na nani! Mabasi na malori ni volti 24 na pale stendi ndo yaliyojaa, turnboy mwenye moyo mzuri atakuja na waya zake, mwambie ahsante lakini hapana. Gari ndogo nyingine sawa. Betri ya boti ya fibre, zile zinazowasha injini za nyuma, ni volti 12 na ikiwa nzima inafaa kabisa kwa dharura, hata betri ya sola ya 12 itakusukuma ingawa haikutengenezwa kwa kazi ya stata. Waya mwekundu kwanza pozitivu ya betri yako, kisha pozitivu ya anayekusaidia, mweusi kwenye negativu yake, na mwisho wa mwisho mweusi wa upande wako usiuweke kwenye negativu ya betri yako, uweke kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri. Sababu ni kwamba betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na cheche ya mwisho ukiifanya juu yake unacheza na mlipuko. Na tena pale kwenye tamino yako ya negativu kuna kidude cha sensa kinachohesabu kila umeme unaoingia na kutoka, umeme wote wa kuchaji lazima upite hapo gari ijue. Kuwaka ikishawaka usiizime baada ya kufika mji wa Hindi ukadhani imejaa. Safari ya nusu saa hairudishi kilichopotea kwa wiki tatu.

Tuseme umepima na betri imekufa. Itazame mwilini utaona imeandikwa Q-85. Hiyo ndo namba ya Axela za petroli zenye i-stop na ni betri ya aina ya EFB, sahani zake zimeimarishwa zivumilie kuwashwa na kuzimwa mara nyingi na kukaa bila kujaa. Herufi ya kwanza ni saizi: M-42 ya vigari vidogo, N-55, Q-85, S-95, T-110 ya wakubwa. Q ni saizi ile ile ya D23 unayoijua madukani, kwa hiyo muuzaji atakuambia "chukua hii 75D23L, inaingia sawasawa, bei karibu nusu". Inaingia kweli. Itawasha gari. Lakini ni betri ya kawaida na mfumo wa gari yako utaiendesha kama EFB, haitafika mbali. Kama umekwama Mpeketoni na hakuna kingine ichukue, zima i-stop kwa ile swichi ya OFF kila unapowasha, halafu uagize Q-85 utulie. AGM nayo, ile aina ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi, watakuambia ni bora zaidi, mimi sikushauri kwa gari hii, haikupangwa kwa ajili yake na chini ya boneti huku pwani ni moto. Herufi L au R ya mwisho isikosewe, ni upande wa tamino, ukikosea waya haufiki au unavutwa mpaka unakatika. Na kwa wenzangu wenye Vitz, Fielder na Axio zenye betri za saizi ya NS40 na NS60, angalieni kama kuna S mwishoni, 55B24L ina vichwa vyembamba na 55B24LS vinene, fundi asije akakutia kipande cha bati kujazia.

Dukani hapa Malindi au Mombasa usikubali kupewa betri na kuondoka. Uliza tarehe ya kutengenezwa, iko kwenye mwili imechapwa au imegongwa, na ikiwa imezidi miezi sita kwenye shelfu mimi naacha. Wapime mbele yako, chini ya 12.5 waichaji kwanza. Wakiwa na ile mashine ndogo ya kupima CCA, yaani nguvu ya betri ya kupiga stata, hakikisha wameiweka kwenye EFB na si betri ya kawaida, namba zinabadilika. Jina na tarehe ziandikwe kwenye kadi ya waranti. Zile betri za mtumba za "eksi-Japani" zinazopakwa rangi zikang'aa, waachie wenyewe. Ukiiagiza ije na basi mpaka Mokowe mwambie mtu wa mizigo isilazwe, isimame vile vile mpaka mwisho.

Kuifunga mwenyewe inawezekana bila shida. Spana namba 10, glavu na miwani, asidi haina rafiki. Gari imezimwa, subiri dakika chache kompyuta zimalize mambo yao, na kabla ya chochote hakikisha ufunguo uko nje nawe na mlango mmoja wazi, manake buti ya Axela inafunguka kwa umeme, ukifungia kitu humo utakisubiri. Negativu inatoka kwanza, daima, halafu pozitivu, halafu kishikizi. Ile sensa kwenye negativu usiivute wala kuigonga kwa nyundo, kibano kikikataa kipanue na bisibisi taratibu. Betri ni nzito, kilo 15 na zaidi, inua kwa miguu si kwa mgongo. Safisha kitako, weka mpya, kishikizi kikaze isitikisike manake barabara zetu zinaua sahani kwa mtikisiko, kisha pozitivu kwanza na negativu mwisho. Kaza ya kutosha tu, risasi ni laini.

Gari itachanganyikiwa kidogo, usiogope. Taa za usukani na za kuteleza zinaweza kuwaka, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, endesha kidogo, zitazima. Vioo vitapoteza ile ya kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja, pandisha mpaka juu na ushikilie swichi sekunde mbili tatu, kila mlango. Saa utaiweka. I-stop inaweza kukaa kimya siku kadhaa mpaka gari ijifunze betri mpya, na ikikaa kimya kabisa nenda kwa fundi mwenye skana ya Mazda aiambie kompyuta betri imebadilishwa, ni kazi ya dakika chache. Wenye BMW hiyo skana si hiari, bila kuisajili gari itaichaji betri mpya kana kwamba ni ile kuukuu. Wenye Toyota za Japani, jihadharini na redio inayoandika ERC na kudai namba ya siri ikikosa umeme, tafuta namba hiyo kabla. Na wenye Aqua na Prius, betri ya 12 iko nyuma, ina kijipaipu cha kutolea gesi nje, msifunge betri isiyo na tundu la paipu hilo mkaishi nayo ndani ya gari, na nyaya za rangi ya chungwa si za kuguswa.

Turudi kwenye kulala Mokowe, manake hapo ndo betri yako mpya itapona au itakufa. Watu wengi wanamwachia mlinzi ufunguo awashe dakika kumi kila siku tatu, hiyo ni hasara tupu, stata inakula na dakika kumi hazirudishi, labda aiendeshe nusu saa nzima na zaidi na hapo ushaweka gari mikononi mwa mtu. Kufungua negativu ukiondoka kunasaidia kweli na hakuna gharama, ila alamu inakufa, utafunga milango mingine kwa vidude vya ndani na wa dereva kwa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya smart key, na kila ukirudi unaanza tena vioo na i-stop. Kwa wiki moja usijisumbue. Kwa wiki tatu mimi ningefunga paneli ndogo ya sola, wati 20, juu ya dashibodi ikitazama kioo, na kontrola yake ndogo na fyuzi. Hata wati 10 kwa jua la masaa manne matano zinakupa ampi-saa tatu kwa siku, ukitoa kinachopotea kwenye kioo bado ni zaidi ya gari inayokula moja au mbili. Waya mweusi wa kontrola ufungwe kwenye mwili wa gari, si kwenye kichwa cha negativu, ile sensa ihesabu. Usichomeke kwenye soketi ya kiberiti, kwenye magari mengi inakufa ukizima swichi na paneli yako inalisha hewa. Na smart key ukishavuka na boti haina neno, iko mbali ya kutosha.

Betri kuukuu mrudishie muuzaji, wengi wanakupunguzia bei. Usimpe mtu wa kuivunja uani ayeyushe risasi ya chubwi za mishipi na nanga. Yaliyotokea Owino Uhuru kule Mombasa, watoto kupatikana na risasi kwenye damu kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ubavuni mwa mtaa, ndiyo yaliyompa mwanaharakati Phyllis Omido ile tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na kesi yake ilifika mpaka Mahakama ya Juu.

Fanya hivi basi: asubuhi ukivuka, kabla hujawasha chochote, fungua mlango kwa kifunguo cha chuma, vuta boneti, upime volti za kulala. Kisha za stata, kisha za altaneta na taa zimewashwa. Niandikie hizo namba tatu na uniambie kama gari ina traka, na usimlipe mtu altaneta mpaka tuzione.